Kucheua huzuni

Ng'ombe akishashiba hulala kivulini, akayarudisha majani mdomoni na kuyatafuna upya. Wanasaikolojia wameliazima neno hilo la kucheua kwa jambo wanaloliona sana kwa vijana wenye sonona: tukio lile lile hurudishwa kichwani, likatafunwa, likamezwa, likarudishwa tena. Ila ng'ombe, yeye hunenepa.

Saa nane za usiku binti kashika simu ndani ya chandarua. Ujumbe aliomtumia shoga yake umesomwa tangu magharibi na haujajibiwa. Anausoma tena. Kwa nini niliandika hivi? Kwa nini kila mtu ananikimbia? Kwa nini mimi niko hivi? Asubuhi mama atawaambia majirani kwamba mwanawe "ana mawazo", na hapo Kiswahili kimelenga penyewe.

Oktoba 1989, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi hali zao za moyo na namna kila mmoja anavyokabili huzuni. Siku 14 baadaye, tarehe 17, ardhi ikatetemeka: tetemeko la Loma Prieta. Mtafiti gani angeweza kulipanga hilo? Yeye na mwenzake Jannay Morrow waliwapima tena wanafunzi wale siku 10 baada ya tetemeko, kisha baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kucheua tangu awali ndio waliozidi kuonyesha dalili za sonona, hata ilipohesabiwa huzuni waliyokuwa nayo kabla.

Ugumu ni kwamba anayecheua huamini anatafuta ufumbuzi. Mwaka 1995 Nolen-Hoeksema na Sonja Lyubomirsky waliwagawa wanafunzi wenye huzuni makundi mawili. Kwa dakika 8, kundi moja lilizama katika hisia zake. Jingine liliwaza mambo ya nje, kama mawingu yanavyotanda angani. Walipopewa matatizo ya kawaida ya watu na watu, waliozama walitoa majibu dhaifu. Wale wa mawingu walijibu sawa na wasio na huzuni.

Basi ajikaze tu? Hapana. Majaribio ya James Gross, wa Stanford pia, yalionyesha kuwa kuficha hisia usoni hakupunguzi uchungu wa ndani, na mwili huzidi kulemewa.

Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, anawafundisha wagonjwa kubadili swali. "Kwa nini mimi?" halina mwisho. Huyu binti angeulizwa: ulimwandikia nini hasa? Saa zile yeye huwa wapi? Kesho utamwambiaje?

Kujifunza hivyo huchukua vikao kadhaa na mtaalamu, na kijana huteleza, hurudi kulekule, huanza upya. Akiwa haendi shule, hali wala halali kwa wiki mbili, asingojewe. Apelekwe hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Akitaja kufa, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.