Panya mdogo anayefundisha Kilatini

Nilianza Kilatini nikiwa na miaka kumi na mitatu, katika seminari moja humu nchini. Neno la kwanza lilikuwa mensa. Tuliimba mensa, mensam, mensae kama kasuku, na aliyeteleza alikiona cha mtema kuni. Hakuna aliyetuambia kwamba mensa ndiyo meza tuliyokuwa tukiandikia: Wareno walilirithi neno hilo kutoka Kilatini wakasema mesa, nasi tukalipokea kwao huku pwani.

Ndiyo maana hunifurahisha kuona jinsi baadhi ya watoto wa shule za msingi Uingereza wanavyofunzwa lugha hii. Tangu Septemba 2014 mtaala wao unataka watoto wa miaka 7 hadi 11 wajifunze lugha ya kigeni, na huruhusu iwe ya kale. Kitabu kinachojulikana sana ni Minimus, alichokiandika Barbara Bell, kilichotoka mwaka 1999. Mhusika mkuu ni panya! Anaishi na familia ya kamanda wa Kirumi, Flavius Cerialis, na mkewe Lepidina. Hawa walikuwa watu wa kweli, wakikaa katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, yapata mwaka 100. Ardhi ya pale imehifadhi hata kibao chembamba cha mti ambacho Lepidina aliandikiwa na rafikiye, Claudia Severa, akialikwa kwenye siku ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka minane anaelewa mwaliko wa sherehe, sivyo?

Sarufi nayo? Feles murem capit: paka anamkamata panya. Ukisema murem feles capit, bado paka ndiye mkamataji, kwa sababu mkia wa murem unaonyesha anayekamatwa. Lakini badilisha mikia, useme mus felem capit, na darasa litaangua kicheko: panya kamkamata paka! Mswahili hashangai hapa. Tunaposema "kitabu amekisoma mtoto", hakuna anayedhani kitabu ndicho kilichosoma. A- na -ki- zimeshamaliza kazi. Sisi alama twaitia kwenye kitenzi, Warumi waliitia kwenye nomino.

Watetezi hudai Kilatini humwongezea mtoto msamiati wa Kiingereza. Sawa, lakini kwangu hiyo si hoja kuu. Kwa muda mrefu lugha hii imekuwa kama mali ya shule za kulipia, na mtoto wa dereva wa basi akaambiwa, bila hata kuulizwa, kwamba si yake.

Kitabu hicho kiliandikwa ili hata mwalimu asiyesomea Kilatini aweze kukitumia. Wenzangu wengine hukunja uso hapo: mwalimu akikosea mkia, darasa zima linakosea naye. Wana haki. Ila mimi ningempa mwalimu huyo mafunzo mafupi wakati wa likizo, kisha nimwachie darasa, kuliko kuwafanya watoto wamsubiri mtaalamu ambaye huenda asije kamwe.