Torino katika Vumbi la Buha

Mwaka 2018, katika mnada mmoja nchini Marekani, Ferrari 250 GTO iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 48. Magari ya aina hiyo yaliundwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na bei kama hizo ndizo zinazotawala kila mazungumzo kuhusu magari ya Italia ya zama zile. Yanasimuliwa kama vito vya kufungiwa gereji. Mkazi wa Kasulu au Kibondo, huku Buha, magharibi mwa Tanzania, akiuliza yanamhusu nini, ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba yanamhusu kuliko yanavyomhusu mnunuzi wa mnadani. Gari la gran turismo lilibuniwa kwa ajili ya safari ndefu, na kipimo chake cha kweli ni barabara ngumu, mvua, mizigo na abiria anayetaka kufika akiwa na nguvu zake.

Tuiangalie Lancia Aurelia B20 ya 1951, ambayo wengi huihesabu kuwa gari la kwanza la aina hii. Ilikuwa na paa, milango miwili, injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na nafasi ya mabegi. Mwaka huohuo ilishika nafasi ya pili katika Mille Miglia, mashindano ya kilomita zipatazo 1,600 katika barabara za kawaida, ikizishinda nyingi kati ya gari za mashindano zilizokuwa na nguvu zaidi. Siri ilikuwa katika mgawanyo wa kazi. Kiwanda kilitoa chasisi na injini. Bodi ikaachiwa mafundi wa karakana za Italia kama Pinin Farina na Bertone za mjini Torino, au Touring, waliogonga bati kwa nyundo juu ya kiunzi cha mbao, wakilipima kwa jicho kama fundi cherehani akatavyo kitambaa kwa mwili anaouona. Cisitalia 202, iliyotoka kwa Pinin Farina mwaka 1947, iliunganisha boneti, madigadi na ubavu vikawa ngozi moja, na mwaka 1951 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York likaionyesha kama kazi ya sanaa. Nakubaliana nalo, ila uzuri ule ulikuwa na kazi: upepo hupita kwa urahisi, uzito hupungua, dereva huona mbele.

Ufundi huo haukuishia kwa matajiri, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Pinin Farina huyohuyo, ambaye jina lake baadaye liliandikwa Pininfarina, alichora Ferrari na alikuwa pia na mkataba na Peugeot ya Ufaransa. Kwake zilitoka Peugeot 404 ya mwaka 1960 na 504 ya mwaka 1968. Aldo Brovarone, ambaye mwaka 1965 alichora Dino iliyozaa gari dogo maarufu la Ferrari, ndiye anayetajwa kuwa mchoraji wa 504, gari ambalo watu wazima wengi wa nchi hizi walipanda likiwa saluni, pikapu au stesheni wagoni iliyojaa watu na magunia. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano, na kila mara lililotangulia lilikuwa 404.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa mwaka 1975. Lancia ilileta Stratos, gari lililochorwa kwa Bertone na Marcello Gandini, fupi, la chini, lenye injini ya Dino mgongoni. Lilikuwa likitawala rally duniani: lilitwaa ubingwa mwaka 1974, 1975 na 1976. Katika Safari ya mwaka ule Stratos mbili, za Sandro Munari na Björn Waldegård, zilimaliza ya pili na ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson, saluni ya milango minne. Miaka mitatu baadaye Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 Coupé, na hilo lilikuwa gran turismo halisi, la milango miwili, lenye bodi iliyochorwa na kuundwa na Pininfarina.

Mtu atasema kilichoshinda ni springi ndefu na injini isiyo na makuu, si mchoro. Sehemu kubwa ya sifa ni ya wahandisi wa Peugeot, nakiri. Lakini springi ndefu huhitaji mahali pa kupandia na kushukia, na mahali hapo hutengwa na anayechora madigadi. Urefu wa kiti kutoka sakafuni na ukubwa wa kioo ambacho dereva anaonea korongo mbele yake ni maamuzi ya bodi pia. Stratos ilichorwa kwa ajili ya kona kali za Ulaya. 504 ilichorwa kwa ajili ya watu na mizigo yao. Kwenye udongo mwekundu wa Buha, masika yakishika, tofauti hiyo hujulikana kwa yeyote anayesukuma gari kwenye mteremko wa tope.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba leo barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ni ya Toyota, na Peugeot zimebaki chache. Ni kweli. Hata hivyo Wajapani nao walipitia Torino: Datsun Bluebird ya 1963 ilichorwa na Pininfarina, na Toyota Aristo ya 1991 ilitoka katika karakana ya Giorgetto Giugiaro, yuleyule aliyechora Volkswagen Golf ya 1974. Bajaji inayobeba ndizi sokoni Kasulu ni ya ukoo huohuo wa ubunifu wa Italia, kwa kuwa Bajaj ya India ilianza kuunda vyombo vyake kwa leseni ya Piaggio, waundaji wa Ape ya matairi matatu ya mwaka 1948.

Kwao, karakana zenyewe zimedhoofika. Bertone ilifilisika mwaka 2014, na Pininfarina ikanunuliwa na Mahindra ya India mwaka uliofuata. Utaratibu wa kununua chasisi kwa mmoja na kumpa mwingine aijengee bodi umebaki hai kwetu, katika mabasi. Kampuni ya Labh Singh Harnam Singh ya Nairobi, na wajenzi wengine wa Dar es Salaam, hupokea chasisi tupu na kuamua abiria atakaa vipi. Msafiri anayetoka Kibondo kwenda Dar es Salaam hukatiza karibu nchi nzima akiwa juu ya kiti hicho. Nafasi ya magoti, ukubwa wa dirisha, njia ya hewa na mahali pa gunia lake vinakatwa na fundi wa bodi, si na aliyeunda injini, na ni huyo anayepaswa kuulizwa maswali yaleyale waliyoulizwa mafundi wa Torino mwaka 1951.