Shule ya Umma Yataka Nguvu za Umma

Wako miongoni mwetu, wanajeshi na askari polisi, wanaodhani kwamba bajeti ya shule ni shauri la Wizara ya Elimu, na kwamba wajibu wetu unakomea kwenye ulinzi. Dhana hiyo si sahihi. Mtoto wa mpiganaji husoma pamoja na mtoto wa mvuvi, na dawati likikosekana wote wawili huketi sakafuni.

Tuitazame wilaya ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ndani ya ziwa vimo visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambako kila mfuko wa saruji na kila bati la shule sharti livushwe kwa chombo. Riziki ya wengi katika mwambao huo ni samaki.

Ada na majira ya uvuvi

Zambia ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2002, lakini ada za sekondari ziliendelea kutozwa. Kila mwaka uvuvi hufungwa tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na mwaka wa shule huanza Januari. Hivyo mvuvi alidaiwa ada wakati nyavu zake zimeanikwa. Mzigo huo ulitoweka Januari 2022, Serikali ya Rais Hakainde Hichilema ilipofuta ada hadi darasa la 12 katika shule za serikali, pamoja na michango ya lazima ya chama cha wazazi na walimu.

Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakukufuta gharama. Watoto walifurika madarasani, na madawati hayakutosha. Tegemeo kubwa likawa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliopandishwa kutoka Kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo mwaka 2021 hadi milioni 25.7 mwaka 2022, na milioni 36.1 mwaka 2025. Mfuko huo hujenga madarasa, hununua madawati, na huwalipia gharama za bweni wanafunzi wa jamaa maskini.

Miradi yake haiteremshwi kutoka Lusaka. Wananchi ndio wanaopendekeza, kupitia kamati ya maendeleo ya kata. Mzazi akisema, "Serikali imetangaza bure, mkutano wa nini tena?", kata yake itanyamaza, na fedha zitakwenda kwa wenye kusema.

Hesabu ibandikwe ukutani

Mwananchi huunga mkono jambo analoliona. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa, ukiacha mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu hadharani. Pamoja na mageuzi mengine, kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilizidi asilimia 80.

Wajibu wetu

Basi, ndugu wapiganaji, twendeni katika mikutano ya shule tukiwa wazazi. Hapo koplo na mama muuza samaki wana sauti sawa. Tuulize kwa heshima: kimepokewa kiasi gani, kimenunuliwa nini, kimebaki nini? Tukiwa na nafasi, tujitolee kufyatua matofali na kupakia saruji.

Kamwe tusitumie sare kumlazimisha mtu kuchanga. Mchango wa lazima umekwisha kufutwa, na mvuvi aliyetishwa leo hatakuja mkutanoni kesho. Askari anayesimamia marufuku ya uvuvi mwezi Januari anajua kwamba mvuvi huvumilia kwa sababu anatarajia samaki mwezi Machi. Vivyo hivyo mzazi ataitetea bajeti ya shule akiwa na hakika kwamba atauona ukuta ukipanda na mwanawe akiketi juu ya dawati.