Dawa inayotafuta alama yake

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Wiki hii kwenye sanduku letu tumepata barua ya mama mmoja. Mama, shikamoo. Anaandika kwamba yeye na jirani yake walipata rufaa pamoja, wote kwa saratani ya titi. Jirani anachomwa sindano ya bei kubwa kila baada ya wiki tatu. Yeye amepewa vidonge tu. Anauliza: "Ni kwa sababu sina mtu wa kunisemea?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nikaenda kumuuliza daktari, na nakueleza kama nilivyoelewa.

Kemotherapi tunayoifahamu hupiga seli zinazokua haraka: za saratani, lakini pia za nywele, mdomo na tumbo. Ndiyo maana nywele hudondoka. Ni kama dawa ya magugu inayounguza na mahindi. Siku hizi kuna dawa lengwa. Unajua siku ya mgao unavyoweka kidole kwenye mashine: isipokutambua, hupewi, hata kama umesimama pale tangu alfajiri. Dawa lengwa nayo husoma alama ya seli. Ikiikosa, haina kazi pale.

Kwenye saratani ya titi, alama moja inaitwa HER2. Inakuwa nyingi kupita kiasi kwa mgonjwa kama mmoja kati ya watano. Sindano yake ni trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Inaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo kumchoma mtu asiye na alama ile ni kumpa hatari bila faida.

Alama nyingine ni kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike. Saratani nyingi za titi zinayo hii. Dawa yake mojawapo ni tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachoizuia homoni isiikuze saratani. Humezwa kila siku, kwa kawaida miaka 5 au zaidi, na haifai kwa mjamzito. Mama, mimi sijaona faili lako. Lakini kama vidonge vyako ni hivyo, hukupewa makombo. Nayo ni dawa lengwa, kwa alama yako wewe. Tafadhali usiviache kwa hasira kabla hujamuuliza daktari.

Alama hizo hupimwa maabara, kwenye kile kipande cha nyama kinachokatwa. Najua maneno yanayosemwa kwenye vijiwe vyetu, kwamba vipande hivyo vinauzwa. Haviuzwi. Bila kipande, daktari anabahatisha.

Mama anauliza pia kuhusu kaka yake aliye Nairobi, aliyechomwa "sukari yenye mionzi". Ni kweli, ipo. Eksirei na CT huonyesha umbo, kama kuona nyumba za kijiji kwa mbali. Picha ya PET huonyesha nyumba ipi ina moto jikoni. Mgonjwa hakai na chakula tumboni kwa saa kadhaa, anachomwa sukari iliyofungwa florini yenye mionzi, anapumzika kama saa moja, kisha analala ndani ya mashine. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, basi pale panang'aa. Daktari anaweza kuona dawa inafanya kazi hata kabla uvimbe haujapungua. Ila ubongo nao unang'aa, na kifua kikuu pia hung'aa, kwa hiyo kung'aa peke yake si hukumu. Na hakuna haja ya mgonjwa kujinyima sukari nyumbani. Mgao wenyewe tunaujua.

Mionzi hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Kaka akae mbali na watoto wachanga na wajawazito kwa saa chache, anywe maji mengi, imekwisha. Kwa kuisha haraka hivyo, dawa hiyo haiwekwi stoo: lazima itengenezwe karibu na mashine, ndiyo maana hospitali zenye kipimo hiki ni chache.

Kwa saratani ya tezi ya shingo, iodini yenye mionzi huonyesha na pia huua, jambo linalofanyika tangu miaka ya 1940. Ni ndugu ya iodini inayotiwa kwenye chumvi.

Wewe uliyekatwa kipande, omba nakala ya majibu ya maabara yenye maneno HER2 na estrojeni. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mgao, mvua isiifikie. Ukirudi nyumbani au ukipata safari ya nchi ya tatu, daktari wa huko ataiulizia. Ikipotea, huenda ukakatwa upya na kusubiri tena.

Barua zenu ziwekeni kwenye sanduku lilelile, mlangoni pa kituo cha vijana.

(Muziki unapanda.)