Kuomba Chuo cha Marekani Mapema: Ahadi Uiweke Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitenganisha njia mbili za kuomba nafasi mapema. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hutoa jibu mapema bila kukufunga, ingawa hukuwekea mipaka kuhusu vyuo vingine unavyoweza kuomba wakati huo. Leo tuitazame njia inayofunga, yaani uamuzi wa mapema. Unachagua chuo kimoja tu, unatia saini pamoja na mzazi na mshauri wa shule, na ukikubaliwa unafuta maombi yako kwingine kote. Kwa kawaida dirisha hufungwa Novemba 1 au 15, na majibu hutoka katikati ya Desemba.

Faida ipo. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kuomba mapema kulimwongezea mwombaji nafasi karibu sawa na kupata alama 100 zaidi katika mtihani wa SAT. Chuo kinampenda mtu ambaye kina hakika atakuja. Ndiyo maana vijana wengi huitupa karata yao hiyo moja kwenye chuo chenye jina kubwa kuliko vyote.

Hapo mimi nawapinga. Kwa mtoto wa Eldoret au Mwanza, swali la kwanza ni nani atalipa. Vyuo vingi vya huko hupima mfuko wa mwombaji kutoka nje kabla ya kumkubali, na anayehitaji msaada mkubwa hubanwa zaidi. Dartmouth, Amherst, Bowdoin na Brown ni miongoni mwa vichache vyenye uamuzi wa mapema ambavyo havimkatai mgeni kwa sababu ya umaskini wake, kisha huahidi kuziba pengo lote la fedha. Kuingia ni kazi ngumu, lakini ukikubaliwa huachwi na deni la ada lisilolipika.

Kwingineko, ukipewa msaada usiotosha unaweza kuomba kuachiliwa. Ruhusa hiyo ni ya kweli, ila inakukuta mikono mitupu: huna ofa nyingine ya kulinganisha, na maombi ya kawaida katika vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti za vyuo navyo vilitengenezwa kwa ajili ya familia za Kimarekani, visikudanganye. Iandikie ofisi ya misaada ya fedha kabla ya Oktoba, uulize wazi.

Mtahiniwa wa KCSE ana mzigo wa ziada, kwani Novemba yumo katika chumba cha mtihani. Kwake duru ya pili ya uamuzi wa mapema, ambayo vyuo kadhaa huifunga Januari na kuijibu Februari, inafaa zaidi kuliko kuandika insha usiku wa kuamkia karatasi ya Hisabati.

Wazazi, msitie saini fomu hiyo kabla ya kukubaliana nyumbani kiasi mnachoweza kulipa kila mwaka, kwa miaka minne. Wiki ijayo tutaeleza fomu za kuomba msaada wa fedha.