Aliongoza wiki nzima, akaondoka na shaba: mashindano ya ubao wa tanga yanavyokwenda

Tulipoutaja mchezo wa ubao wa tanga kwenye kipindi chetu cha michezo, meseji zilizoingia studio zilikuwa za aina mbili. Wengine waliuliza ni mchezo gani huo. Wengine, ambao bila shaka walishaona video kwenye simu, walikuwa na swali moja: yule dada wa Uingereza aliyekuwa akiwashinda wenzake karibu kila siku kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ilikuwaje akaambulia medali ya shaba? Dakika tatu za hewani hazikutosha kulijibu, kwa hiyo tumeliandika hapa.

Tuanze na mchezo wenyewe, ambao wengi wanauita windisafingi. Mchezaji anasimama juu ya ubao akiwa ameshika tanga. Mlingoti wa tanga umeungwa kwenye ubao kwa kiungo kinachozunguka pande zote, kwa hiyo unalala na kuinuka kadiri mwenyewe anavyotaka. Usukani hakuna. Kwa kulaza tanga mbele au nyuma na kuhamisha uzito wa miguu, ubao unageuka. Kwenye Olimpiki wanaume walianza kushindana mwaka 1984 huko Los Angeles, wanawake wakafuata mwaka 1992 huko Barcelona.

Ubao uliotumika mwaka 2024 ulikuwa mgeni kwenye Olimpiki. Unaitwa iQFOiL. Chini yake kuna nguzo iliyozama majini, na kwenye nguzo hiyo kuna bawa kama la ndege. Ubao ukipata kasi, bawa linauinua juu kabisa ya maji, na mchezaji anakwenda kama anayepaa, kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 40 kwa saa. Mwaka 2024 wanawake walitumia tanga la mita za mraba 8 na wanaume 9. Hebu fikiria chumba kidogo cha kulala, kisha ulishike eneo hilo lote kwa mikono yako upepo ukiwa unalivuta. Ndiyo maana kwenye mchezo huu uzito ni mali. Ubao huu ulipoingia, wachezaji waliozoea ule wa zamani walilazimika kula zaidi na kunyanyua vyuma ili waongeze kilo. Michezo mingi tunayoitangaza inawataka watu wapungue, huu unawataka wanenepe kwa misuli.

Wasikilizaji wetu wavuvi hawahitaji somo la jinsi chombo cha tanga kinavyokwenda upepo ukiwa wa mbele. Mnapiga bisho. Kwa wasiojua: hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, kwa hiyo chombo kinakata upande wa kulia, kinageuza, kinakata wa kushoto, hivyo hivyo hadi kifike. Ubao wa tanga unafanya vivyo hivyo, na hata upepo ukiwa wa nyuma mchezaji hukata pembe kwa sababu ndipo anapopata kasi. Kazi kubwa ni kujua wakati wa kugeuza. Ukigeuza mapema, hulifikii boya, itabidi ugeuze tena na tena. Ukichelewa, umetembea njia ndefu bure. Na kila kugeuza kunakula kasi. Ukiteleza ubao unashuka majini na wenzako wanakupita. Tafadhali likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa mashindano. Mji wa Paris hauna bahari, hivyo mbio zilifanyika Marseille, kusini mwa Ufaransa. Wanawake walikuwa 24. Siku ya mchezaji huanza kwa kusubiri upepo, na anaweza kusubiri saa nyingi ufukweni akiwa amevaa tayari. Upepo ukija, majaji wanapanga maboya na mstari wa kuanzia majini, dakika zinahesabiwa kurudi nyuma, na kila mtu anazungukazunguka akitafuta nafasi. Hapa hakuna kusimama kwenye mstari kama kwenye riadha, kwa sababu ubao uliosimama umeshapoteza mbio. Inabidi ufike kwenye mstari ukiwa tayari na kasi, sekunde ile ile honi inapolia. Ukivuka kabla ya honi, umejiharibia.

Mbio ni nyingi kwa siku kadhaa, na hesabu yake ni kinyume cha mpira wa miguu: mwenye pointi chache ndiye anayeongoza. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Asiyemaliza, kwenye kundi la watu 24, anabebeshwa 25. Matokeo mabaya zaidi ya mchezaji huruhusiwa kufutwa, kwa sababu upepo hauna undugu na mtu na kila mmoja ana siku yake mbaya.

Emma Wilson wa Uingereza hakuhitaji huruma hiyo. Mama yake, Penny Way, alishindana kwenye mchezo huu huu katika Olimpiki za 1992 na 1996, kwa hiyo binti alikulia ndani yake. Huko Marseille zilifanyika mbio 14 za awali na Wilson alishinda 8. Alimaliza akiwa na nafasi ya pointi 31 mbele ya aliyemfuata. Ingekuwa ligi, kombe lingekuwa limeshakabidhiwa na watu wameshaanza kucheza ngoma.

Lakini haikuwa ligi. Kwa utaratibu wa mwaka huo, mbio za awali zilikuwa za kupanga nafasi tu. Kumi bora waliingia siku ya medali. Wa nne hadi wa kumi walishindana robo fainali, wawili wakapita. Wa pili na wa tatu waliwasubiri nusu fainali, wawili wakapita tena. Aliyeongoza alikwenda moja kwa moja fainali. Fainali ilikuwa ya watu watatu, ambao wote walikuwa na uhakika wa medali, na pointi zote za nyuma zilifutwa. Mbio moja ya dakika chache iliamua nani anapata medali ipi.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ya televisheni. Huko Rio mwaka 2016, Mholanzi Dorian van Rijsselberghe alikuwa na uhakika wa dhahabu hata kabla ya mbio ya mwisho. Kwake ilikuwa raha, lakini mtazamaji aliyekaa mbele ya runinga hakuwa na la kusubiri.

Siku ya medali yenyewe upepo uligoma, fainali ikasogezwa hadi tarehe 3 Agosti. Wilson alikuwa na Sharon Kantor wa Israel na Marta Maggetti wa Italia. Wilson na Kantor walikuwa mbele wakigombea dhahabu wao kwa wao, Maggetti yuko nyuma. Kisha wakaja kukosea lile tulilosema mlikumbuke. Wawili wa mbele hawakupata pembe sahihi ya kuliendea boya na ikabidi wageuze zaidi. Maggetti, aliyekuwa kwenye mstari mzuri, akawapita na kuchukua dhahabu. Kantor akawa wa pili. Wilson, wa tatu.

Baadaye aliwaambia wanahabari kwamba haoni kama anaweza kujiweka tena katika hali ile. Haikuwa mara yake ya kwanza kufika fainali ya namna hiyo akiwa anaongoza na kuikosa.

Studio tulibishana kuhusu hili mpaka fundi mitambo akatufukuza. Wapo wanaosema sheria ilijulikana na wote, na hapo hakuna ubishi. Hata hivyo, sisi tulio wengi tunaona kwamba kufuta pointi 31 zote ni kupita kiasi. Fainali ingeweza kubaki na msisimko wake, na aliyefanya kazi wiki nzima akaingia na akiba japo kidogo. Mwenzetu mmoja alipinga. Alisema anayeongoza ameshapewa akiba yake, kwani anaingia fainali bila kuchoka na ana uhakika wa medali kabla hajalowa maji. Hatukufikia mwafaka.

Yule mwenzetu alitukumbusha jambo jingine. Tokyo, Olimpiki iliyotangulia, mshindi alipatikana kwa kujumlisha pointi za wiki nzima, mbio ya mwisho ikihesabiwa mara mbili. Huko nako Wilson alipata shaba. Aliyekuwa nyuma yake, nafasi ya nne, akarudi nyumbani mikono mitupu, alikuwa Marta Maggetti.