Tukikague Chumba Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Tarehe 23 Septemba, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo hapa Zanzibar, na mlango wa skuli ukafunguka kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Tangu hapo hesabu yetu kubwa imekuwa ni ya idadi: vyumba vingapi vimejengwa, vingapi vimepungua. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini leo twauliza jingine: chumba chenyewe kina hali gani?

Mvua ya masika ikipiga juu ya bati lisilo na dari, mwalimu hunyamaza kwa kuwa hasikiki. Msimu wa kaskazi bati hilo hilo hugeuka tanuri, na wanafunzi wa mkondo wa mchana husinzia, si kwa uvivu bali kwa joto. Wa pembeni huona ubao ukimetameta tu. Wa sakafuni huandika mgongo umepinda. Watoto hugombania nafasi ya dirishani, nasi wakubwa twaita utundu. Kumbe wanatafuta upepo.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vyumba 153 vya skuli za msingi nchini humo. Walikadiria kuwa asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka yatokana na hali ya chumba, na kwamba mwanga, hewa na joto la kiasi vina uzito mkubwa. Ikiwa ni hivyo katika nchi ya baridi, sisi wa visiwa vya joto hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili.

Skuli za ghorofa zinazoinuka Unguja na Pemba ni jambo la kupongezwa. Twawaomba wahusika, kabla ya kutia saini ramani, wahakikishe madirisha yanapokea upepo wa kaskazi na wa kusi, na walimu wameulizwa. Kwa skuli kongwe, dari chini ya bati, mti wa kivuli na ubao uliohamishwa si gharama ya kutisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kabla hatujamwita mtoto mzito wa kufahamu, basi tukakae mahali pake, saa nane za mchana, kwa kipindi kimoja tu.